Uzi: Kumlea mtoto wa mbwa hadi awe mwongozaji wa mtu asiyeona, kwa mazingira ya Tabora na Kigoma

#1 · Mleta uzi (Tabora)

Mwangaluka wadau.

Swali la mbwa wa kumwongoza mtu asiyeona linarudi kila mara, na jibu linalotolewa haraka ni "tafuta mbwa wa kizungu, mpeleke kwa mwalimu wa mbwa wa ulinzi". Jibu hilo linaharibu mbwa wazuri. Mbwa wa ulinzi analipwa kwa kumshuku mgeni. Mbwa msaidizi analipwa kwa kumpita mgeni kama anavyoupita mwembe wa barabarani. Ukimfunga mnyororo mchana, usiku ukamfungulia abweke getini, kisha asubuhi ukamvika mkanda wa kuongozea, umempa kazi mbili zinazopigana. Amua moja kabla hujamleta nyumbani.

Kazi yenyewe ina historia ndefu. Ujerumani walifungua shule ya mbwa wa kuwaongoza wanajeshi waliopofuka vitani mwaka 1916, mjini Oldenburg. Marekani walifuata 1929, Uingereza 1931, na Afrika Kusini wana chama chao tangu 1953. Kwa kawaida mtoto wa mbwa anapelekwa kwa familia ya malezi akiwa na wiki 7 au 8, anakaa huko mwaka mmoja na kitu, ndipo anaingia mafunzo ya kuongoza ya miezi kadhaa, na mwisho wiki 3 hadi 4 za kufunzwa pamoja na mtu atakayemtumia. Mwaka mzima ni malezi, ufundi ni miezi michache tu. Huku kwetu tunataka kuanzia kwenye ufundi, ndiyo maana mbwa anajua "keti" na "lala" lakini akisikia bajaji anaingia chini ya meza ya mama ntilie.

Na hata kwenye shule hizo, wenye mbegu zilizochaguliwa kizazi baada ya kizazi, mbwa wengi hawafiki mwisho. Ukianza na mmoja, panga leo atakwenda kwa nani asipofaa.

Tuanze na kuchagua. Siku nzuri ya kumpima ni akiwa na wiki 7, mahali asipopajua, na apimwe na mtu asiyemjua. Kwanza mtazame mama yake: mama anayejificha au kung'ata wageni anawaachia watoto tabia hiyo, kwa damu na kwa mfano. Kisha mchukue mtoto mmoja mmoja. Dondosha kifuniko cha sufuria kwenye sakafu, hatua mbili kutoka alipo. Anayeshtuka, akasimama, halafu ndani ya sekunde chache akaenda kukinusa, huyo ndiye. Anayekimbilia kona na kubaki huko mwache. Asiyeshtuka kabisa, mpime masikio: piga makofi nyuma yake bila yeye kukuona, maana kuna watoto wanaozaliwa viziwi.

Tupa karatasi iliyofinyangwa hatua moja na nusu. Anayeifuata na kurudi nayo kwako ana kitu ambacho mafunzo hayawezi kukipandikiza kwa urahisi: anapenda kufanya jambo pamoja na mtu. Mlaze chali kwenye mapaja yako nusu dakika. Kufurukuta kidogo kisha kutulia ni sawa. Kufurukuta mpaka mwisho huku anang'ata siyo sawa.

Nitaendelea na malezi chini. Wenye ujuzi wa afya na wa ngozi karibuni, msingoje mpaka niulizwe nisichokijua vizuri.

#2 · Mdau wa Nzega

Shukrani mkuu. Mbwa wetu wa kienyeji anafaa au mpaka Labrador? Labrador huku bei yake haishikiki.

#3 · Mleta uzi

Anafaa, lakini tazama kazi. Kumwongoza mtu mzima kunataka mbwa wa kilo 20 hadi 30 hivi, mwenye kimo cha begani kama sentimita 53 hadi 61, ili mpini wa mkanda ukae mkononi bila mtu kuinama. Mbwa wa kienyeji wengi wanabaki chini ya hapo. Ukipata kizazi chenye wazazi wakubwa, ana faida zake: anastahimili joto, manyoya mafupi hayabebi matope, na miguu yake ni mikavu. Tatizo lake ni tahadhari. Amerithi kazi ya kubweka kila kinachopita, kwa hiyo kipimo cha kifuniko kwake kiwe kikali zaidi.

Asiyefikia kimo anafaa sana kuwa mbwa wa kumsaidia mtu kiziwi, kumjulisha mwenyewe kwamba mlango unagongwa, mtoto analia, au jina lake linaitwa. Kazi hiyo haitaki kilo. Mafunzo yake: unamfundisha kwanza kugusa goti lako kwa mguu wa mbele, halafu unaunganisha na sauti. Msaidizi anagonga mlango, mbwa anageuka, unamwonyesha goti, anagusa, analipwa. Baada ya siku kadhaa msaidizi anagonga bila wewe kuonyesha chochote. Akishagusa, unamuuliza kwa ishara "wapi?" naye anakupeleka mlangoni, analipwa tena pale pale mlangoni. Kwa sauti ya hatari, kama king'ora cha moto, asifundishwe kukupeleka kwenye sauti. Anagusa kisha analala chini. Kosa linalofanyika ni kufundisha sauti tatu kwa wiki moja. Sauti moja ikae mpaka apatie 8 katika 10 bila msaada, ndipo ya pili.

#4 · Mdau wa afya ya mifugo

Naongezea upande wangu, maana mbwa mgonjwa hafundishiki.

Dawa ya minyoo ianze wiki ya 2, irudiwe kila wiki 2 mpaka wiki ya 12, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Chanjo ya mchanganyiko (dhidi ya virusi vya parvo, distempa na wenzao) ianze wiki ya 6 hadi 8, irudiwe kila wiki 3 au 4 mpaka apite wiki ya 16. Watu wengi wanachoma moja wanaridhika. Kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama inaizuia chanjo ya mapema isishike, na hakuna anayejua kwa macho inaisha wiki gani, ndiyo sababu ya kurudia. Kichaa cha mbwa ni akifikisha miezi 3, kisha marudio baada ya mwaka. Kadi ya chanjo itunzwe kwenye nailoni, itembee na mbwa. Zikitangazwa siku za kuua mbwa wanaozurura, kadi na mkanda wa shingoni ndivyo vitakavyomtetea.

Sasa jambo la Tabora hasa: mbung'o. Ukitoka mjini kuelekea misitu ya miombo, upande wa Urambo, Kaliua na Sikonge, mbwa anaweza kupata nagana, ile wengi wanaiita ndorobo. Kwa ng'ombe inakonda polepole, kwa mbwa inakwenda kasi na inaua. Dalili ninayotaka mwenye mbwa aikariri: jicho linaanza kuwa na ukungu kama limemwagiwa maziwa, wakati mwingine rangi ya bluu, pamoja na homa, tezi za shingoni kuvimba na uso kujaa. Mbwa mwongozaji mwenye jicho hilo anaacha kazi siku hiyo hiyo, na daktari anamwona siku hiyo hiyo. Msimchome wenyewe dawa ya ng'ombe kwa kukisia. Mbwa hana uvumilivu wa ng'ombe kwa dawa hizo, kipimo kikizidi kinapiga ubongo.

Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Basi kizibao cha mbwa kisiwe cha bluu wala cheusi. Njano iliyokoza au nyeupe inaonekana na madereva na haiwaiti mbung'o.

Chakula: ugali wa dona na dagaa wa kusaga, mboga kidogo na mafuta kidogo, milo 4 kwa siku mpaka miezi 3, kisha 3 mpaka miezi 6, kisha 2. Mahindi yaliyoota kuvu yasiingie kabisa, hata kama ni "ya mbwa tu". Sumukuvu inaharibu ini la mbwa haraka kuliko la mtu. Kupe watafutwe kila jioni: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole.

#5 · Mleta uzi

Asante sana daktari, hilo la rangi ya kizibao wengi hawalijui.

Malezi sasa. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ubongo wa mbwa unapokea vitu vipya bila woga mwingi. Baada ya hapo mlango unaanza kufungwa. Shida ni kwamba ndiyo miezi ile ile chanjo haijakamilika, na parvo inaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi. Suluhisho ni kumbeba. Kikapu cha ukili chenye khanga ndani kinatosha. Wiki moja baada ya chanjo ya kwanza anza kutoka naye, akiwa kikapuni, miguu isiguse ardhi ya mahali mbwa wengi wanapopita. Stendi, sokoni pembeni, kituo cha reli treni ikiingia, mashine ya kusaga, uwanja wa shule wakati wa mapumziko, msikitini nje wakati wa adhana, harusi inapopita na matarumbeta. Dakika 10 zinatosha, mara moja kwa siku. Kila kelele ikija, kitafunwa kinafuata. Kelele kwanza, kitafunwa pili, usigeuze: ukianza na kitafunwa, anajifunza kwamba ukitoa chakula kuna balaa linakuja.

Akikataa kula, uko karibu mno. Mbwa mwenye hofu hamezi kitu. Rudi nyuma mpaka ale, na hapo ndipo mahali pa kufanyia kazi leo.

Alama ya "umepatia": tumia kalamu ya kubonyeza, ile yenye mlio wa "tak". Mlio ni mfupi na haubadiliki kwa hasira wala uchovu wako. Pale Morogoro panya buku wanaonusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu wanafundishwa kwa njia hii hii, mlio kisha chakula. Siku ya kwanza bonyeza na umpe, mara 20, bila kumtaka afanye lolote. Baada ya hapo mlio ni ahadi: ukibonyeza kwa bahati mbaya bado unalipa.

Vipindi viwe vya dakika 3 hadi 5, mara tano kwa siku. Hesabu kwa makumi. Akipatia 8 katika 10, ongeza ugumu kitu kimoja tu, ama muda, ama umbali, ama vishawishi. Akishuka chini ya 6, punguza.

Maneno ya amri. Hapa Kiswahili kinahitaji kufikiriwa, msichukue tu lililo mdomoni. "Kaa" na "acha" yanapigiwa kelele kwa watoto uani kutwa nzima, mbwa anayasikia mara mia bila maana, yanakufa. Tumia "keti". Badala ya "acha" tumia "mwiko", hakuna anayelipayuka ovyo. "Kulia" na "kushoto" yanaanza sawa, na mbwa akiwa kwenye kelele anasikia mwanzo tu: tumia "kuume" na "shoto". Kusonga ni "mbele", kusubiri ni "bado". Andika orodha ubandike ukutani ili nyumba nzima iseme vilevile.

"Mwiko" unafundishwa hivi: dagaa mmoja ndani ya ngumi. Atalamba, atakwaruza, kaa kimya. Sekunde anayoondoa pua, "tak", na umlipe kwa mkono wa pili. Baada ya siku mbili tatu fungua kiganja. Kisha dagaa sakafuni chini ya kiatu chako, kisha sakafuni wazi, kisha mnampita mkitembea kwa kamba fupi. Yule wa sakafuni asiliwe hata siku moja, malipo yatoke mkononi daima. Nimelikazia kwa sababu huku sumu ya panya na nyama ya sumu zinatupwa, na asiyeona hawezi kuona mbwa wake ameokota nini.

Haja: saa anazoweza kujizuia mchana ni kama miezi yake ukiongeza moja. Wa miezi 2, saa 3 kwa mbali. Mtoe akiamka, akila, akimaliza kucheza. Anapoanza kukojoa sema "kojoa" kwa sauti ya chini, akimaliza mlipe pale pale. Baadaye neno hilo litamsaidia mwenyewe kummalizia haja kabla hawajapanda basi. Kumsugulia pua kwenye mkojo kunamfundisha kujificha akikojoa tu, na mtu asiyeona ndiye atakayekanyaga.

#6 · Mdau wa Ujiji

Wadau, salaam. Uzi mzuri, ila kwetu Ujiji, na hata Tabora mjini, majirani wengi ni Waislamu, na ute wa mbwa kwa madhehebu ya Shafi ni najisi nzito: chombo au nguo inaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mkifundisha mbwa bila kulijua hili mtamfungia asiyeona milango.

Fikihi yenyewe, yaani elimu ya sheria za dini, inasaidia: kikavu kikigusana na kikavu hakipitishi najisi. Shida ni unyevu, yaani ulimi, pua, na manyoya yaliyolowa mvua. Kwa hiyo mafunzo yawekwe hivi. Asilambe mtu yeyote, hata wa nyumbani, maana mbwa hatofautishi. Pua isiguse mikono ya watu: mgeni akisogea, mbwa anaketi upande wa pili wa mguu wa mwenyewe. Kwenye gari alale chini ya miguu ya mwenyewe, mkia umekunjwa ndani. Kitambaa cha kumkaushia kiwe mfukoni masika yote. Na kumbukeni asiyeona mwenyewe anaweza kuwa mtu wa swala: apange kanzu au shuka la swala lisiloingia chumba cha mbwa, na mbwa apewe mahali pa kungoja nje ya uzio wa msikiti, kivulini, pamoja na mtu. Azungumze na shehe wake mapema, kabla mbwa hajafika, siyo siku ya Ijumaa mlangoni.

#7 · Mleta uzi

Shehe umesema la msingi. Ndiyo maana mbwa wa kiziwi nimeelekeza aguse kwa mguu na siyo kwa pua. Kuzuia kulamba ni rahisi ukianza na wiki 8: ulimi ukitoka, mkono unaondoka na mchezo unasimama kwa hesabu ya tano. Mdomo ukifungwa, mchezo unarudi. Familia nzima ifuate, akiwapo hata mtoto mmoja anayemruhusu, hamtafika.

#8 · Fundi ngozi (Ng'ambo, Tabora)

Kuhusu mkanda wa kuongozea, fundi yeyote wa mikoba anaweza kuutengeneza akipewa vipimo.

Kuna mikanda mitatu: wa kifuani mbele, wa mgongoni, na wa tumboni nyuma ya miguu ya mbele. Ngozi ya ng'ombe upana wa sentimita 2.5, nene lakini iliyopakwa mafuta mpaka inapinda bila kulia. Mkanda wa kifuani upite juu ya mfupa wa kifua, usikatize kwenye bega. Ukikatiza bega, mbwa anafupisha hatua, na baada ya muda anachechemea, watu wanadhani ni mguu. Wa tumboni ukae vidole vinne nyuma ya kiwiko, ukikaribia zaidi unanyonyoa kwapa. Kila mahali vidole viwili vipite chini ya ngozi.

Mpini ni bomba la alumini la milimita 12 lililopindwa kama herufi U, limevishwa ngozi mahali pa kushika. Urefu unatokana na mtu: asimame wima, mkono umening'inia, kiwiko kimekunjika kidogo, mbwa amesimama kushoto kwake. Pima kutoka kiganjani mpaka ubavuni mwa mbwa kwa mshazari. Mara nyingi inaangukia sentimita 40 hadi 45. Maungio yasilegee hata kidogo, kwa sababu mtu anasoma mwendo wa mbwa kupitia bomba hilo. Likicheza, ni kama kusoma barua iliyolowa. Buckle zenu za chuma zifunikwe kwa ngozi upande wa ndani, jua la Oktoba linazichoma. Vyote pamoja visizidi kilo moja.

#9 · Mleta uzi

Fundi hapo umemaliza. Nyongeza moja: mpini mgumu usivaliwe kabla ya miezi 12. Mifupa ya mbwa mkubwa inakomaa kati ya miezi 12 na 18. Kabla ya hapo avae kizibao chepesi tu, ili ajue "nikivaa ni kazi, nikivuliwa ni mchezo".

Sasa ufundi wa kuongoza. Nitakaa zaidi kwenye mtaro, kwa sababu vitabu vya nje vinaeleza ukingo wa barabara wenye kona safi, na sisi tuna mitaro ya wazi yenye kina cha goti mpaka kiuno.

Mwendee mtaro kwa hatua za kawaida, mbwa kushoto. Hatua moja kabla ya ukingo simama wewe. Mbwa atasimama. "Tak", na umlipe pale pale, kichwa chake kikiwa juu ya ukingo. Malipo yakitolewa mahali miguu ya mbele iko shubiri moja kutoka shimoni, mwili wake unaikariri nafasi hiyo. Mara 10 kwenye mtaro mmoja, siku tatu, kisha mitaro mitano tofauti. Baada ya hapo wewe usisimame: tembea kama hujui, umwache asimame yeye. Akisimama, tafuta ukingo kwa mguu taratibu, mlipe, kisha sema "tafuta daraja" na umwelekeze kwenye ubao au kalavati. Kosa ninalolipigia kelele: kumlipa baada ya kuvuka. Mbwa huyo atajifunza kwamba chakula kiko ng'ambo, ataanza kuukimbilia mtaro, na siku moja atauruka na mtu mkononi.

Vya juu ni vigumu zaidi. Mbwa wa kimo cha sentimita 55 hana sababu ya kuona tawi la mwembe, ukingo wa bati la kibanda, au kamba ya kuanikia nguo. Funga kamba uani kwa kimo cha mita 1.5, ning'iniza makopo. Tembeeni kuiendea. Kabla hujaigusa, simama, yatikise makopo kwa mkono, rudi hatua tatu, na utafute njia ya pembeni. Anapokata kona mwenyewe kabla ya kamba, "tak". Badili mahali kila siku, halafu toa makopo. Usijigonge makusudi ukapiga ukelele, ataogopa mti, na hataelewa kimo.

Magari yanakuja mwisho, na hili ndilo linalomtofautisha mbwa mwongozaji na mbwa mtiifu: anatakiwa kukataa amri. Mahali ni uwanja mtupu. Sema "mbele", msaidizi anakatiza na baiskeli mita 5 mbele yenu. Simama, rudi hatua mbili, mbwa anarudi nawe, "tak". Baada ya siku kadhaa yeye ndiye anayesimama kwanza. Kisha pikipiki inayosukumwa ikiwa imezimwa, kisha imewashwa mwendo wa mtu, kisha bajaji. Gari lisimguse kamwe. Mbwa aliyegongwa hata kidogo anakataa kila kitu, na kukataa kila kitu ni sawa na kutoongoza. Akikataa kimakosa pia, usimkemee. Ngoja, sema "mbele" upya.

Na uamuzi wa kuvuka unabaki kwa mtu, ndiye anayesikiliza barabara. Mbwa ni kizuizi cha mwisho.

Kipimo cha lami: weka mgongo wa kiganja sekunde 7. Ukishindwa wewe, nyayo zake zinaungua. Tabora kazi ya barabarani ifanywe saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na baada ya saa 11 jioni.

#10 · Mdau wa Sikonge

Kuku na mbuzi je? Na mbwa wazururaji?

#11 · Mleta uzi

Kuku: anza mita 20. Mbwa akimtazama kuku, "tak" kabla hajavuta, atageuka kwako kuchukua malipo. Baada ya muda atamtazama kuku kisha atakugeukia mwenyewe kudai. Siku tatu safi mfululizo, sogea mita 15, kisha 10, kisha 5. Akirukia, hukumu ni kwamba umesogea mapema, rudi nyuma. Mbwa aliyewahi kuua kuku na kumla simshauri mtu aendelee naye kwa kazi hii.

Mbwa wazururaji ndio hatari kubwa, wanaharibu mbwa waliokwisha kufuzu. Mtumiaji abebe ngao mbili: kifuko cha dagaa na mwavuli. Mbwa mgeni akija kwa kasi, tupa dagaa nyuma yake, siyo miguuni kwako. Asipogeuka, fungua mwavuli ghafla mbele yake. Zungumzeni na mwenyekiti wa mtaa na mabalozi ili wenye mbwa kwenye njia yake ya kila siku wawafunge mchana. Njia ya kila siku ni nyumba ishirini hivi, inawezekana.

#12 · Mdau wa afya ya mifugo

Mbwa mzururaji aking'ata: mtu aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali siku hiyo kwa chanjo ya kichaa. Mbwa mwongozaji aliyechanjwa, aking'atwa yeye, apate marudio mara moja na awekwe chini ya uangalizi siku 45.

#13 · Mdau wa Kigoma mjini

Huku kwetu kuna tofauti mbili. Ya kwanza ni miteremko. Kutoka Mwanga kushuka stesheni, mbwa anavuta kwa uzito wake, na mtu anakimbizwa. Fundisheni "taratibu" kwenye mteremko mdogo: akikaza mpini, simama mpaka ulegee, ndipo mwende. Masika udongo mwekundu unateleza, mzoesheni kuchagua majani pembeni.

Ya pili ni Kibirizi, mwaloni kwa wavuvi. Dagaa wanaanikwa chini kwenye mchanga, eneo zima linanukia, nyavu zimetandazwa. Akipita hapo kwa "mwiko" bila kuinamisha kichwa, amefuzu vishawishi vya chakula. Anzeni mbali, upepo ukitoka nyuma yenu, mwisho ukitoka mbele.

Na kwa dagaa wa malipo: waliokauka mchangani wana punje za mchanga, waosheni maji matatu, na walioungwa chumvi walowekwe kwanza. Wakaushwe tena, wavunjwe vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Mlipo wa siku utolewe kwenye chakula chake cha siku, la sivyo ananenepa na viungo vinaumia.

#14 · Mdau wa Nzega

Basi au daladala wakikataa?

#15 · Mleta uzi

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, na ibara ya 20 inahusu mtu kutembea kwa kujitegemea. Ni hoja nzuri ya kuipeleka ofisini kwa utulivu. Mlangoni kwa kondakta inasaidia zaidi mbwa kuonekana: kizibao cha njano kisafi, kadi ya chanjo mkononi, mbwa ameketi kimya. Nendeni stendi saa zisizo na abiria, mwombeni dereva ruhusa ya kupanda na kushuka gari likiwa limesimama, mara 10, mbwa aingie nyuma ya mguu wa mtu na alale chini ya kiti. Madereva wakishamzoea akiwa mdogo hawatamshangaa akiwa mkubwa.

#16 · Mdau wa Ujiji

La mwisho kwangu: siku mbwa anaumwa, au amestaafu, mtu anafanyaje?

#17 · Mleta uzi

Mbwa wengi wanastaafu kati ya miaka 8 na 10, kwa hiyo wa pili aanze kulelewa wa kwanza akifika miaka 7. Na mtu asipewe mbwa kabla hajaijua fimbo nyeupe vizuri, kwa sababu mbwa hajui unakokwenda. Anajua kukwepa tu. Ramani ya njia iko kichwani mwa mtu, na ramani hiyo hujengwa kwa fimbo. Kwenye zile wiki 3 au 4 za kufunzwa pamoja, wiki ya kwanza mkufunzi ashike kamba ya pili upande wa kushoto, ya pili atembee hatua tano nyuma, ya tatu abaki mtaani akiangalia kwa mbali. Kila jioni watu wawili hao, mtumiaji na mkufunzi, wataje mahali mbwa alipokosea, kesho waanzie hapo hapo kabla ya njia mpya.

Fimbo ining'inizwe msumarini nyuma ya mlango, msumari ule ule, chini ya mkanda wa mbwa.